Uhuru wa Mtu na Marufuku ya Mji: Funzo Kutoka Tukuyu

Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, ni mji wa mtelemko. Umejengwa katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kusini ya Mlima Rungwe, katika nchi ambayo mvua yake ya mwaka hupita milimita 2,000. Maji hayo hayatuami. Huingia mitaroni, kisha vijitoni, kisha katika mito kama Kiwira na Mbaka, na hatimaye huteremka hadi Kyela na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake haufikii kimo cha mita 500. Katika mji wa namna hiyo takataka haina budi kusafiri pamoja na maji. Kinachotupwa na mtu wa juu hupokelewa na mtu wa chini ambaye hakuulizwa.

Yafaa hali hiyo ikumbukwe kila yanapozuka mabishano juu ya marufuku. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyozoeleka kwa jina la rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilikwisha kutangulia miaka mingi kabla. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka huo, anayekutwa na mfuko huo aliweza kutozwa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kufungwa kwa muda usiozidi siku 7, au vyote viwili. Wako waliouliza: mtu aliyenunua ndizi zake kwa fedha zake, serikali yaingiliaje namna ya kuzibeba? Swali hilo si la kupuuzwa, kwani linahusu uhuru wa raia, na uhuru haupunguzwi bila sababu.

Sababu yenyewe hutolewa na sayansi. Polithini ni mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni ambao vijidudu vya udongoni karibu havina uwezo wa kuukata. Jani la mgomba likitupwa shambani huoza na kuwa mbolea. Mfuko ukitupwa hapo hapo hubaki. Jua huukausha na kuuvunja vipande vipande, lakini kipande kidogo ni plastiki vile vile. Mfuko mzima huziba mtaro, na mtaro ulioziba wakati wa mvua huelekeza maji nyumbani kwa watu. Ukichanganyika na majani, huliwa na ng'ombe, nao hukwama tumboni mwake. Kwa wilaya inayotegemea maziwa, hasara hiyo si ndogo. Hivyo mwenye kubeba mfuko hupata faida ya dakika chache, na gharama hulipwa na wengine kwa miaka mingi.

Hapo ndipo uhuru wa mtu hupata mpaka wake. Katiba ya mwaka 1977, baada ya kuingizwa humo haki za msingi mwaka 1984, hutamka katika ibara ya 30 kwamba haki na uhuru wa mtu havitatumiwa kwa namna itakayoingilia haki na uhuru wa wengine au maslahi ya umma. Kwa kipimo hicho, marufuku ya mfuko unaoziba mtaro wa jirani ina msingi imara kuliko marufuku inayomkinga mtu na nafsi yake mwenyewe. Mwaka 2012 Bodi ya Afya ya Jiji la New York ilikataza mikahawa kuuza vinywaji vyenye sukari katika vikombe vinavyozidi wakia 16, yaani karibu nusu lita. Madhara ya sukari yalijulikana vizuri, lakini mwaka 2014 mahakama ya rufani ya jimbo hilo ilibatilisha katazo hilo kwa kuwa bodi ilikuwa imevuka mamlaka yake. Ukweli wa kitaalamu, peke yake, haumpi mtu mamlaka ya kuamrisha.

Tanzania yenyewe inalo funzo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa ardhi. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini udongo wa huko ni mwembamba, na kuchimba ngazi kulifukia tabaka lenye rutuba na kuleta juu udongo hafifu. Wakulima waliliona hilo mashambani mwao, wala hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Lengo lilikuwa jema. Kilichokosekana ni majaribio ya kutosha na ridhaa ya watu.

Kwa hiyo hata marufuku ya mifuko haipaswi kuepushwa na kupimwa. Mifuko mbadala iliyoenea madukani, ambayo Shirika la Viwango limeiwekea uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, mingi imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni jamii ya plastiki. Manufaa yake hupatikana iwapo tu mfuko mmoja utatumiwa tena na tena. Ukitupwa baada ya safari moja, mtaro utaziba kama zamani, na mnunuzi atakuwa amelipia zaidi. Aidha, vifuko vyepesi vinavyong'aa, vilivyoruhusiwa kwa kufungashia vyakula, viligeuzwa vya kubebea, hata serikali ikalazimika kuvikemea mwaka 2021. Katazo lisilo na kitu cha badala karibu na mkono wa mwananchi huzaa ujanja. Rungwe ina migomba na mianzi tele. Jani la kufungia na kikapu cha kubebea vingefaa kutafitiwa na kupewa soko badala ya kuachwa kama mambo ya kale.

Halmashauri nayo ina wajibu wake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 huipa uwezo wa kutunga sheria ndogo, na huitaka kwanza iwatangazie wakazi makusudio yake ili wenye pingamizi wayatoe. Hatua hiyo isifanywe kuwa desturi ya karatasi. Hapo ndipo mkulima na mchuuzi huuliza: madhara ni yapi, yamepimwaje, na mbadala uko wapi? Mamlaka isiyoweza kujibu maswali hayo matatu haijawa tayari kutoza faini.

Wanyakyusa wa Rungwe wana neno ukwangala, maana yake kuishi kwa ujirani mwema na kufurahia kuwa pamoja. Monica Wilson, mwanaelimu ya jamii aliyewachunguza katika miaka ya 1930, aliliona neno hilo kuwa kiini cha maisha ya vijiji vyao, na alieleza jinsi lawama ya majirani ilivyoogopwa kuliko adhabu nyingi. Askari hawezi kusimama penye kila mtaro wa Tukuyu. Jirani yupo daima. Marufuku iliyoelezwa vizuri hata jirani akaielewa itajilinda yenyewe. Isiyoelezwa itangoja askari aondoke.