Mwalimu wa KKK naye anahitaji kocha

Wadau, leo nina hoja moja kutoka kwetu Nassa, wilayani Busega.

Mtoto wa darasa la kwanza kule anaingia shule na Kisukuma chake. Nyumbani maji ni "minzi". Mwalimu anaandika "maji" ubaoni, mtoto anaitikia "ma-ji" vizuri kabisa, tunampigia makofi. Swali: amesoma au ameimba tu? Mwalimu aliye peke yake na darasa lililopita wale 45 wa kwenye mwongozo atajuaje? Anahitaji mtu wa kukaa nyuma ya darasa, aangalie, halafu baadaye wakae waongee.

Kazi hiyo tumemtwika Afisa Elimu Kata. Ni kweli, mradi wa EQUIP-Tanzania ulioanza 2014 ulifika Simiyu, ukafundisha walimu na kuwapa waratibu wa kata pikipiki. Lakini jamani, mtu mmoja ana shule zote za kata, takwimu, vikao, mitihani! Halafu akiingia darasani mwalimu anamwona mkaguzi. Nani atamwambia bosi "hapa nimekwama"?

Maoni yangu: kocha atoke shuleni humo humo. Mpango wa MEWAKA tayari unataka walimu wajifunze pamoja kazini. Basi mwalimu mzoefu wa darasa la kwanza apewe jukumu hilo rasmi na apunguziwe vipindi. Bila kupunguziwa, tutakuwa tumemwongezea mzigo tu.

Naomba kutoa hoja. Wadau wa ualimu mnasemaje?