Vijisanamu vya Risasi



Mwezi huu nimeletewa barua na bwana mmoja, mwenyeji wa pwani yetu, ambaye kwa sasa yuko Leicester, Uingereza, yeye na ahali yake. Ameniruhusu kuieleza hapa bila ya kumtaja jina. Asema hivi:

"Maalim, nina kijana wangu wa miaka 15. Siku moja niliingia chumbani mwake nikaona kasha la mbao, ndani yake mna vijisanamu vya madini vipatavyo 90, kila kimoja urefu wake haupiti pingili ya kidole gumba: mazimwi yenye chonge, watu vibeti wenye ndevu na mashoka, wachawi wenye bakora, na mifupa mitupu iliyoshika panga. Nikaingiwa na khofu, nikadhani mwanangu anaabudu masanamu. Nikalitia kasha zima katika pipa la taka, na gari la baraza la mji likalizoa asubuhi ile ile. Mwanangu hakunena neno. Huu sasa ni wiki ya tatu. Huniamkia kwa adabu, hujibu nimwulizalo, kisha hunyamaza. Je, Maalim, nimekosa?"

Haifai kukata shauri kwa kusikiliza upande mmoja. Basi nilimwomba baba ruhusa nimwandikie kijana, nikamtaka anieleze vitu vile ni vitu gani. Akaniletea kurasa 4, Kiswahili chake safi kabisa. Mengi ya haya yafuatayo nimeyapata kwake, na mengine nimeyatafuta mwenyewe.

Michezo ya vita juu ya meza ni ya zamani. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilianza kuwafundisha maofisa wake kwa mchezo wa vipande vidogo juu ya ramani, uliotungwa na Reisswitz, baba na mwanawe. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kuchezea askari wa bandia kwa vizinga vidogo, akawaambia watu kuwa vita hivi vidogo ni bora kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata Vita Kuu ilizuka.

Ama mazimwi na majoka, hayo yaliingia baadaye. Vitabu vya J. R. R. Tolkien, vilivyotoka kati ya 1954 na 1955, viliwatia watu hamu ya hikaya za namna hiyo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, wakatoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao wachezaji hukaa mezani wakasimuliana safari ya mashujaa. Mchezo huo na mfano wake ukahitaji vijisanamu. Huko Cincinnati, Marekani, kikafunguliwa kiwanda cha Ral Partha mwaka 1975. Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, Bryan Ansell akaanzisha Citadel katika mji wa Newark, karibu na Nottingham. Na mwaka 1983 yeye na wenziwe, Richard Halliwell na Rick Priestley, wakatoa mchezo wao wa Warhammer. Kutoka Leicester kwenda Nottingham ni mwendo mfupi. Kwa hiyo kijana huyu hakutafuta mambo ya mbali; ameokota sanaa ya jirani zake.

Na ni sanaa kweli. Fundi hufinyanga kijisanamu kwa mkono, kwa udongo wa aina mbili, wa kibuluu na wa kimanjano, ambao ukikandwa pamoja huwa wa kijani, kisha hugumu. Chombo chake ni sindano na vijiti, na kazi yake ni kutia vifungo vya joho na mikunjo ya uso katika kitu cha milimita 25 au 28. Kisha huwekwa baina ya sahani mbili za mpira, zikabanwa kwa nguvu na moto, ikawa kalibu. Kalibu huzungushwa kwa kasi, madini yaliyoyeyuka humiminwa katikati, na mzunguko huyasukuma mpaka kwenye ncha za vidole vya kijisanamu. Hapo zamani madini hayo yalikuwa risasi na bati. Risasi peke yake huyeyuka kwa joto la digrii 327, na bati kwa 232. Lakini zikichanganywa kwa kadiri yake huyeyuka kwa 183 tu, ndiyo maana mafundi walizipenda.

Kalibu ya mpira huchoka, na kampuni huja na mitindo mipya. Kwa hiyo vijisanamu vingi vya miaka ya 1970 na 1980 havisubiwi tena kama vilivyokuwa, na wako watu wazima wanaovitafuta katika masanduku ya vitu vikuukuu. Aghlabu chini ya miguu ya vile vya katikati ya miaka ya 1980 pana kipande chembamba cha madini kinachochomekwa katika kitako cha plastiki, na juu ya kipande hicho mara nyingi huandikwa jina na mwaka. Mjuzi hukigeuza kwanza akasoma, kama mtu asomavyo muhuri wa sarafu.

Kijana wetu alipewa vya kwanza na mzee Mwingereza, jirani yao, aliyevinunua katika ujana wake. Vingine alivinunua kwa ujira wa kugawa magazeti alfajiri. Vingi vilimfikia vimepakwa rangi nzito hata nyuso hazionekani. Akanieleza jinsi ya kuvisafisha, na dawa yenyewe imo katika nyumba zetu: Dettol. Kijisanamu hulazwa ndani yake mchana na usiku, kisha husuguliwa kwa mswaki mkuukuu, huku mikono imevikwa mipira. Kwanza husuuzwa kwa Dettol hiyo hiyo, maana ukikimbilia maji rangi hugeuka ulimbo ukagandamana. Mwisho ndipo huoshwa kwa sabuni na maji.

Baada ya hapo hupakwa rangi moja ya msingi, nyeupe au nyeusi. Juu yake huja rangi nyepesi zilizozimuliwa kwa maji, tabaka juu ya tabaka. Kisha rangi ya giza iliyo majimaji hutiririshwa, ikajikalia yenyewe katika mikunjo. Na brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu ya migongo ili mwangaza uonekane. Macho huwa ya mwisho, kwa ncha ya brashi na pumzi iliyozuiliwa. Kijisanamu kimoja huchukua jioni nne au tano. Mwaka 1987 yalianza huko Uingereza mashindano makubwa ya upakaji huu, yaitwayo Golden Demon. Mimi niliyefundisha watoto kuandika khati miaka mingi, nikisoma maneno yake niliujua ustahimilivu huo.

Sasa nirejee kwa baba. Khofu yake ina asili, wala simcheki. Zimepokewa Hadithi kali juu ya wafanyao sanamu, na wanavyuoni wamekhitilafiana: wako wanaokataza kila chenye umbo la kiumbe, na wako wanaotoa ruhusa katika michezo ya watoto. Wenye kuruhusu hushika khabari za Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliyekuwa na wanasesere wake. Katika mkusanyo wa Abu Daud imo khabari kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliona miongoni mwa wanasesere hao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Alimwuliza ni kitu gani kile, naye akamjibu, akamkumbusha kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Mimi ni mwalimu wa chuo, si mufti. Baba na amwulize mwanachuoni wa mji wake. Lakini katika khabari hii naona jambo moja lisilohitaji fatwa: aliuliza kwanza.

Mchezo wenyewe una dadu, na dadu zina maneno makali katika Hadithi. Hapo pia na aulize. Kamari ni haramu bila ya shaka. Kijana anasema yeye hupaka na kukusanya tu, wala mara mbili hajacheza.

Iko khatari nyingine ambayo baba hakuitaja, nayo ni hiyo risasi. Risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa vumbi na kwa mdomo, na huudhuru ubongo wa mtoto mdogo kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa ni salama. Watengenezaji wakubwa waliiacha katika miaka ya 1990, lakini vile vya zamani bado vinayo. Basi kijana mwenye kuvishika asile mezani pale, aoshe mikono, asilambe brashi ili kuichonga ncha, asipige tupa kavukavu, wala asiyeyushe madini jikoni kwa mama yake. Asiviache palipo mtoto atambaaye. Na akiona unga mweupe juu ya kijisanamu, ajue kuwa risasi inaoza, na unga ule ni sumu. Aghlabu huletwa na mvuke wa asidi utokao katika mbao, khasa za mwaloni, na katika makaratasi magumu. Kwa hiyo kasha la mbao halifai, na kasha la plastiki ni bora.

Nanyi akina mama mnaosoma haya, msimcheke kijana. Baadhi ya wanja na surma tunaowapaka watoto wachanga umepimwa ukakutwa na risasi nyingi. Twakihofia kijisanamu kilicho kabatini, na sumu ile ile twaitia jichoni kwa mkono wetu.

Basi swali lako, ndugu yangu, ni kuwa umekosa au hukukosa. Nami nitakujibu kwa kosa langu. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja alikuja chuoni na gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, lenye usukani na magurudumu ya ndara. Alikuwa akilitazama chini ya msahafu. Nililichukua nikalikanyaga mbele ya wenziwe. Siku ya pili alikuja amehifadhi somo lake vizuri kuliko wote, nami nikafurahi, nikadhani dawa imefanya kazi. Lakini tangu siku ile mpaka anakhitimu hakuniuliza swali hata moja. Leo ni fundi mkubwa wa vyuma. Tukikutana hunibusu mkono akaenda zake. Sijapata kumwomba radhi, na kila mwaka upitao neno hilo lazidi kuwa zito.

Mwanao ameniandikia hivi: "Baba angaliniuliza, ningalimwonyesha. Kilichoniuma ni vile alivyopewa mzee jirani na mamaye, kisha akanipa mimi."

Basi fanya mambo matatu. Mwombe mwanao radhi kwa kinywa chako. Cheo cha baba hakipungui kwa hilo. Nendeni pamoja kwa mzee jirani mkamweleze yaliyotokea, maana naye ana haki katika kile kilichotupwa. Kisha, ukishapata jibu la mwanachuoni nawe umeridhika, mnunulie kimoja kwa fedha yako, ukae naye jioni moja umtazame anavyofanya kazi.

Nawe kijana, baba yako aliogopa juu ya dini yako kwa sababu anakupenda. Kuamkia kwa adabu si kuzungumza. Mwanzie wewe.

Nami baada ya sala ya Ijumaa ijayo, inshallah, nitapita karakana ya yule fundi.

Wabillahi tawfiq.