Samaki wa kufugwa Kanyosha: fedha iko kwenye chakula

Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano na Burundi, DRC na Zambia, lengo lilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Kwa wanaopeleka dagaa na migebuka kati ya Kigoma, Rumonge na Bujumbura, hatua hiyo ilionyesha hatari ya kutegemea ziwa peke yake.

Samaki wa kufugwa wanaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, iwapo watakua kwa wakati. Hapo ndipo Kanyosha inapoingia. Eneo hili la kusini mwa Bujumbura lipo kwenye barabara ya Rumonge, inayoendelea hadi mpaka wa Mugina na Kigoma. Pia lina joto la ukanda wa ziwa. Tilapia, ambaye Watanzania humwita sato, hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi joto 26 hadi 30. Katika milima ya Gitega na Ngozi maji ni ya baridi na ukuaji huchelewa.

Hata hivyo joto halitoshi. Mfugaji anayetegemea pumba za mpunga na mabaki ya jikoni hupata samaki waliodumaa. Tena dume na jike wakichanganywa huzaliana mapema, na bwawa hujaa samaki wadogo wasio na soko. Vifaranga vya madume pekee na chakula chenye protini ya kutosha huweza kufikisha samaki gramu 250 hadi 300 kwa miezi sita hadi minane. Anayetaka kuuza Mei lazima apandikize kabla ya Novemba.

Chakula hula zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji. Kwa usimamizi mzuri, kilo moja ya samaki huhitaji takriban kilo moja na nusu ya chakula. Maana yake, tani moja ya samaki sokoni imetanguliwa na tani moja na nusu ya chakula barabarani. Hiyo ni biashara ya mpakani.

Chakula kinachoagizwa kutoka mbali kinahitaji dola, ambazo ni adimu Burundi, na mpaka wa Rwanda ulifungwa Januari 2024. Njia iliyo karibu ni mashudu ya alizeti ya Tanzania, soya, na pumba za mpunga wa Imbo. Kutegemea dagaa kama chanzo kikuu cha protini ni kumnyang'anya mlaji wa kipato cha chini kitoweo chake na kulirudishia ziwa mzigo uleule.

Kenya inatoa funzo. Kuanzia 2009 serikali ilichimba maelfu ya mabwawa na kugawa vifaranga na chakula. Ruzuku ilipokwisha, mengi yalitelekezwa, kwa kuwa chakula cha bei nafuu hakikuwepo.

Vifaranga vinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2018 watafiti waliripoti virusi vya tilapia katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania. Havimdhuru mlaji, lakini vinaweza kumaliza bwawa zima. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kupita bila ushuru wa forodha, ilimradi bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Haumwondolei ukaguzi wa afya ya mifugo. Ndoo ya vifaranga inayopitishwa kwa njia ya panya inaweza kuwagharimu wafugaji wote wa bonde la Tanganyika.

Kwa mfanyabiashara, hatua salama ni kuuza chakula kwanza, kukubaliana na wafugaji kuhusu mavuno kabla ya kupandikiza, na kununua vifaranga vilivyozalishwa upande uleule wa mpaka. Kwa serikali, kazi ni kukubaliana juu ya cheti kimoja cha afya ya samaki kinachotambulika Mugina na Gatumba. Bila hicho, miezi ya kufungwa kwa ziwa itaendelea kuwa ya wenye majokofu na mitaji mikubwa.