Kwa Nini Watangazaji Wetu Hawazeekei Uwanjani?

Siku chache baada ya Charles Hilary kufariki dunia, tarehe 11 Mei 2025, nilikuwa katika kibanda umiza kimoja hapa Igogo tukisubiri mechi ianze. Kijana mmoja aliuliza marehemu alikuwa nani. Mwenzake akamjibu kwamba alikuwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Jibu lilikuwa sahihi, na usahihi wake ndio ulioniuma.

Cheo hicho kilikuwa kituo cha mwisho cha safari ndefu. Sisi wa rika langu tulimjua kwa mpira: Radio Tanzania, kisha Radio One, Deutsche Welle, BBC, na hatimaye Azam, ambako sauti iliyozoea kumchorea picha msikilizaji asiyeuona uwanja ilikuja kukaa pia mbele ya kamera. Mwaka 2021 akateuliwa kuongoza mawasiliano ya Ikulu ya Zanzibar, na kipaza sauti cha michezo kikampoteza.

Simlaumu marehemu, wala simlaumu aliyemteua. Ninaulaumu utaratibu wetu wa kuuona utangazaji wa michezo kama daraja la kuvukia kwenda kwenye kazi ya watu wazima. Tido Mhando, aliyevuma kwa kutangaza mpira redioni, alipanda hadi kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC na kisha TBC. Juma Nkamia alitoka kwenye kutangaza mpira akawa mbunge, na mwaka 2014 akawa Naibu Waziri wa Habari, Vijana, Utamaduni na Michezo. Kila mmoja alikuwa na haki ya kwenda alikokwenda. Swali langu ni kwa vyombo vyetu: ni nani kati yao aliyewekewa sababu ya kubaki?

Linganisha na John Motson wa Uingereza. Alijiunga na BBC mwaka 1968, akastaafu mwaka 2018, akiwa bado mtangazaji wa mpira. Hakuhitaji uwaziri ili aheshimike. Uzee wake ulikuwa mali ya kituo, kwa maana alipomwona mshambuliaji wa leo aliweza kumpima kwa mshambuliaji aliyemwona kwa macho yake miaka 40 nyuma.

Wapo watakaosema kwamba uteuzi ni heshima, na kwamba televisheni inataka damu changa. Hoja ya kwanza inathibitisha ninachokilalamikia: tumefika mahali ambapo heshima haipatikani mpaka mtu aiache kazi anayoiweza. Ya pili inasahau kwamba kasi ya ulimi si maarifa. Mtazamaji wa televisheni anauona mpira mwenyewe. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza asichokiona, na hicho hutokana na kumbukumbu.

Mfano uko hapa hapa Mwanza. Pamba ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Mtangazaji mwenye umri wa miaka 25 anayekaa CCM Kirumba kuitangaza timu hiyo hana kumbukumbu ya Pamba ya enzi zile. Atatusomea takwimu alizoandaliwa, kisha atapiga kelele. Hawezi kutuambia tulipoteza nini, wala kumuuliza kiongozi wa soka kwa nini ahadi ya leo inafanana na ile iliyovunjwa zamani. Mtu asiyekumbuka hudanganywa kwa urahisi, na watazamaji wake hudanganywa pamoja naye.

Msitwambie fedha hakuna. Mwaka 2021 Azam na TFF walitia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Katika mchezo wenye thamani hiyo, kumlipa mtangazaji mkongwe vizuri kiasi cha kumfanya aikatae ofisi ya serikali si anasa. Kuhifadhi kanda za matangazo yake ili wanafunzi wa uandishi wa habari wajifunze kwazo si anasa pia.

Rambirambi tumekwisha kuzitoa. Sasa vituo vyetu viweke ngazi ya mtangazaji mwandamizi wa michezo, yenye mshahara na hadhi ya ukurugenzi, na vimwache mwenye kipaji aipande bila kuiacha kazi yake. La sivyo, vijana wa Igogo wataendelea kuwajua mabingwa wa mpira kwa vyeo vyao vya serikalini tu.