Fedha Iliyopikwa kwa Majani

Mtoto akishikwa na homa, wazazi wengi wa Kayna huchuma majani wakayachemsha. Basi msishangae, wasomaji wapenzi, tukiwaambia kwamba hata katika maabara za wataalamu majani huchemshwa, ila huko huchanganywa na madini. Wanafunzi wametutaka tueleze habari hiyo, nasi twaona yafaa, kwa kuwa maneno ya nusunusu huenea upesi.

Mwaka 2004 wataalamu wa mji wa Pune, nchini India, walichemsha majani ya mwarobaini, mti ule mchungu, kisha mchuzi wake wakautia katika maji yenye chumvi ya fedha. Katika kazi ya namna hii, maji hugeuka polepole yakawa na rangi ya kahawia. Kumbe fedha iliyokuwa imeyeyuka imejikusanya kuwa chembe! Wataalamu huziita chembe za nano. Ukigawanya milimita 1 mara milioni, kila sehemu ni nanomita 1; na chembe hizo kwa kawaida hazizidi nanomita 100. Vitu vilivyomo katika jani ndivyo viitoavyo fedha katika chumvi yake, tena huzizunguka chembe zisishikamane. Kwa njia hiyo baadhi ya dawa kali za maabara hazihitajiwi.

Faida yake ni nini? Fedha huua vijidudu. Tangu miaka ya 1960 madaktari huwapaka watu walioungua moto malhamu yenye fedha. Na kwa kuwa siku hizi vijidudu vingi havishindwi tena na antibiotiki, wataalamu wanatumaini kuzitia chembe hizo katika vitambaa vya kufungia vidonda.

Lakini kisahani cha maabara si mwili wa mtu. Isitoshe, majani ya masika na ya kiangazi hayalingani, wala ya udongo huu na ule. Na jani likibadilika, chembe nazo hubadilika.

Kupima dawa si jambo geni kwetu Kivu ya Kaskazini. Ebola ilipotushambulia, kuanzia Novemba 2018 dawa nne zilijaribiwa huko Beni, baadaye Butembo, Katwa na Mangina. Mojawapo, ZMapp, haikuwa ya madini, lakini nayo ilitengenezwa ndani ya majani, ya mmea wa jamii ya tumbaku. Ilikuwa imesifiwa sana tangu 2014. Hesabu zilionyesha kwamba wagonjwa waliopewa ZMapp walikufa karibu 50 katika kila 100, na waliopewa dawa mbili nyingine, mAb114 na REGN-EB3, wapatao 35 tu. Wagonjwa 681 wa kwetu ndio waliowafundisha madaktari wa dunia nzima dawa ipi ishikwe na ipi iachwe. Je, sifa peke yake ingaliwafundisha?

Chembe za fedha zilizopikwa kwa majani bado hazijapita njia ndefu kama hiyo. Hata hivyo, katika nchi mbalimbali wapo wauzao maji ya fedha ya kunywa, wakidai kwamba yanaponya kila ugonjwa. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba dawa za namna hiyo zisizoandikwa na daktari hazijathibitishwa kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kuponya. Ayanywaye kwa muda mrefu huweza kugeuka ngozi, ikawa ya buluu ya kijivujivu, uso na kucha pia, na rangi hiyo kwa kawaida haitoki tena maisha yake yote.