Kasha: Mhubiri wa siku saba akirudi kwao, nani anabaki na waliobatizwa?

Wakaaji wa Kasha, katika komini ya Bagira mjini Bukavu, wanaijua desturi hii. Mabango yanabandikwa barabarani yakiwa na picha ya mtumishi wa Mungu kutoka Ulaya au Marekani. Vipaza sauti vinafungwa, kwaya zinavaa sare, mafundisho yanatolewa siku nne au tano, kisha watu wanaingia majini. Juma likiisha, mgeni anavuka mpaka wa Ruzizi na kwenda kutafuta ndege Rwanda, maana uwanja wa Kavumu ulisimamisha safari zake Februari 2025. Akifika kwao, anasimama mbele ya kanisa lake na kutaja hesabu: amebatiza watu kadhaa katika nchi ya vita.

Hesabu hiyo ndiyo inayostahili kupingwa. Ubatizo haupingwi hapa, wala ugeni. Kinachopingwa ni kumhesabu mtu siku ya maji, halafu kumsahau siku inayofuata.

Wenye kutetea safari hizi husema kwamba Yesu aliagiza mataifa yabatizwe. Ni kweli, lakini katika agizo hilohilo aliongeza kufundisha. Paulo, aliyesafiri kuliko wahubiri wote wa zamani zake, alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita. Baadaye aliwaandikia Wakorintho kwamba anamshukuru Mungu kwa kuwa kwa mkono wake alibatiza wachache tu: Krispo, Gayo na watu wa nyumba ya Stefana. Hakuona haya kwa uchache huo. Leo mhubiri mwenye watu watatu wa kuonyesha angeogopa hata kuwatumia ripoti waliomlipia tiketi.

Hata historia ya Kivu inawahukumu watu wa haraka. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, aliagiza kwamba mtu afundishwe miaka 4 kabla ya kubatizwa. Wapentekoste kutoka Sweden na Norway walipoingia Kivu katika miaka ya 1920, walikaa. Walijifunza lugha ya wenyeji, na wengine walizikwa hukuhuku. Hawakuwa malaika, walifanya kazi chini ya bendera ya mkoloni Mbelgiji, na mengi ya wakati ule yana lawama. Lakini Kaziba ilipata hospitali na shule, Lemera ikapata hospitali. Kutokana na kazi yao yalikua makanisa ya CELPA na CEPAC, ambayo leo yanaongozwa na Wakongomani wenyewe.

Na tazama mti huo ulizaa nini. Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa ndani ya hospitali ya Lemera. Daktari wake mkuu, Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, hakuacha kazi. Mwaka 1999 ilianzishwa hospitali ya Panzi chini ya CEPAC, ambapo maelfu ya wanawake waliobakwa wametibiwa. Kazi ya namna hiyo haizaliwi kwa mkutano wa siku tano wenye mkalimani.

Mkalimani naye ni jambo la kuulizwa. Mgeni anasema Kiingereza, mtu mmoja anageuza kwa Kiswahili, na bibi mzee wa Kasha anayeelewa Mashi tu anabaki akiitika amina kwa sababu wenzake wameitika. Siku ya tano anaitwa majini. Je, amefundishwa nini?

Jambo zito kuliko yote linahusu familia zilizokimbia vita, zilizopokelewa katika nyumba za watu au kupanga chumba kimoja kwa watu wanane. Mama aliyekimbia bila sufuria wala blanketi hawezi kumkatalia kwa urahisi mgeni mwenye magunia ya unga. Akiambiwa kwamba msaada utagawanywa baada ya ibada, ataingia majini hata kama alikwisha kubatizwa kijijini kwao. Hapo hakuna imani iliyochaguliwa. Kuna njaa iliyotumiwa. Na picha yake akiwa amelowa maji, mtoto mgongoni, itazunguka katika simu za watu asiowajua, bila yeye kuulizwa.

Tena, katika mitaa ambamo akina mama wanaamka usiku kupanga bidoni kungoja maji, birika la ubatizo linajazwa kwa ajili ya wageni. Watu wanaliona hilo, hata kama hawasemi.

Kuna watakaojibu kwamba mgeni huleta moyo kwa watu waliochoka, na kwamba kufika Bukavu wakati huu kunahitaji ujasiri. Hilo halina ubishi. Mkimbizi anayeombewa na mtu aliyetoka mbali anaona kwamba dunia haijamsahau. Basi mgeni aje, aombe, alie na wanaolia. Lakini kufariji hakuhitaji hesabu ya vichwa.

Wenye lawama ya kwanza si wageni. Ni wachungaji wa hapa wanaowaalika na kuwakusanyia watu, kwa sababu mgeni huleta fedha na jina. Wao ndio wanaopaswa kuweka masharti. Anayebatizwa awe amefundishwa kwa miezi, katika lugha anayoielewa, na mtu atakayebaki naye. Msaada ugawanywe kwa siku nyingine na bila kuuliza dini. Picha ya mkimbizi isipigwe bila ruhusa yake. Na kabla ya mkutano, kanisa litangaze mbele ya waamini ni kiasi gani kimeletwa na kitatumiwa kwa nini.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kasha haina ukosefu wa kazi kwa jembe hilo: mifereji ya kuzuia mmomonyoko, karo za watoto wa wakimbizi, wagonjwa wa kutembelewa. Mhubiri atakayekubali kulishika abatize. Asiyeweza kungoja siku ya tatu ahubiri tu, aagwe kwa heshima, na kazi ya majini awaachie wanaobaki.