AFYA YETU: Mjue Samaki Wako, Usimdharau Dagaa



Wewe unayeishi kando ya Ziwa Victoria unaona samaki kila siku. Je, unawajua? Wengi wetu tunawajua kwa bei tu. Samaki wa bei kubwa tunamsifu. Samaki wa bei ndogo tunamdharau. Hilo ni kosa, na wanaoumia ni watoto wetu.

Kwanza tuwatazame samaki wenyewe.

SATO ana mwili mpana, magamba makubwa na miba mikali mgongoni. Mkia wake una mistari ya kusimama. Hufugwa pia katika mabwawa.

SANGARA ni mkubwa kuliko wote. Mdomo wake ni mpana, na taya la chini limetokeza mbele. Hula samaki wenzake. Yeye ni mgeni. Aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960.

FURU ni mdogo, na umbo lake linafanana na sato. Madume yake yana rangi za kung'aa. Sangara amewala sana, hata aina nyingi za furu zimetoweka.

KAMBARE hana magamba. Kichwa chake ni bapa, na mdomoni ana ndevu 8. Huvuta hewa, kwa hiyo utamkuta hai katika tope bwawa linapokauka.

KAMONGO ni mrefu kama nyoka. Mapezi yake manne ni membamba kama kamba. Lakini si nyoka, ni samaki.

DAGAA ni mdogo, mwembamba, mwenye rangi ya fedha. Huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa.

Samaki hawa wote hujenga mwili. Lakini kwa mtoto, mimi namsifu dagaa. Kwa nini? Sangara tunakula mnofu, mifupa tunatupa. Dagaa tunamla mzima, kichwa na mifupa pamoja. Ndani yake mna madini ya chokaa yanayojenga mifupa na meno. Mna pia madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu.

Wapo wanaosema, "Dagaa ni chakula cha maskini." Wengine huwauza wote wakawe chakula cha kuku. Basi kuku ananenepa, na mtoto anakonda! Na katika nyumba nyingi baba hupewa mnofu, mtoto hupewa mchuzi. Mchuzi peke yake haumkuzi mtoto.

Mtoto asiyepata chakula cha kujenga mwili huvimba miguu na uso. Nywele zake hubadilika rangi na kuwa nyepesi. Hachezi. Majirani husema amebemendwa au amerogwa. Hapana. Huo ni utapiamlo. Mpeleke zahanati mara moja, usingoje.

Mama na baba, fanyeni hivi:

1. Nunueni dagaa waliokaushwa juu ya kichanja. Waliokaushwa chini huwa na mchanga na uchafu.

2. Waosheni vizuri, waanikeni tena, kisha wakaangeni bila mafuta mpaka wakauke kabisa.

3. Watwangeni, chekecheni, na wekeni unga wake katika chombo kikavu chenye kifuniko.

4. Mtoto akifika miezi 6, tieni unga huo kidogo katika uji wake na upike pamoja. Aendelee pia kunyonya.

Sisemi usiuze samaki. Uza sato, uza sangara, upate fedha za sare na daftari. Lakini kabla ya kuuza, tenga kwanza fungu la watoto. Fedha huisha. Mwili uliojengwa vizuri utotoni humfaa mtu maisha yake yote.

JADILINI DARASANI

1. Utamtambuaje kambare? Utamtambuaje sato?

2. Nyumbani kwako, nani hupewa mnofu na nani hupewa mchuzi? Kwa nini?